Droni ya kupima hewa ya ncha za dunia: iandae ingali Dar es Salaam

Aktiki na Antaktika, mambo makubwa ya hewa hutokea karibu na ardhi. Wakati wa giza la majira ya baridi barafu hupoza hewa inayoigusa, hivyo kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyoongezeka. Tofauti ya nyuzi 10 ndani ya mita 100 si ajabu. Puto la hali ya hewa huzipita mita hizo kwa sekunde 20 tu. Droni hupanda taratibu, ikashuka, ikarudia. Mwaka 2009 ndege zisizo na rubani za Aerosonde zilirushwa Terra Nova Bay, Antaktika, kupima pepo kali zinazoporomoka kutoka barafuni. Ila sensa, yaani kihisi cha joto na unyevu, ikifungwa vibaya utapima joto la mota zako mwenyewe, na kosa hilo ni rahisi kulirekebisha Kigamboni kuliko kwenye theluji.

Funga sensa ya joto na unyevu juu ya droni, kwenye kijiti chepesi kinachozidi propela kwa sentimita 30 hivi. Chini ya droni hupigwa na hewa iliyokwisha kuvurugwa. Ivike kipande cha bomba jeupe la plastiki kilicho wazi pande zote mbili, bila kugusa ukuta wake, kwa kuwa theluji hurudisha mwanga wa jua kutoka chini.

Kisha pima sensa inachelewa kiasi gani kuitikia. Iache barazani itulie, tuseme nyuzi 31, halafu iingize kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 21, mbele ya feni. Hesabu sekunde hadi isome 24.7, yaani imemaliza asilimia 63 ya safari. Usianzie chumbani ukaitoa nje: kwa unyevu wa Dar itatokwa jasho na kusoma uongo. Ukipata sekunde 5 na droni ikapanda mita 2 kwa sekunde, kila kipimo kiko nyuma mita 10. Kwa hiyo panda mita 1 kwa sekunde, na tumia vipimo vya kupanda tu. Ikishuka, droni huzama kwenye hewa iliyoivuruga yenyewe.

Sifuri ihakikishe kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo ndani ya chupa ya chai, sensa ikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa dakika 10. Barafu iliyokwisha kukaa na samaki pale soko la Feri yaweza kuwa na chumvi, nayo hushusha joto chini ya sifuri. Tumia ya maji safi.

Betri ndiyo inayoangusha wengi. Chaji betri ya seli tatu, ifunge kwenye mfuko, ilaze kwenye friza ya nyuzi -18 kwa saa 3. Ikingali ndani ya friza, iunganishe na taa ya mbele ya gari ya wati 55 kutoka duka la spea, taa ikiwa nje juu ya kigae kwa sababu huunguza. Andika volti kila dakika na ukate ikifika 9.9. Rudia na betri ya joto la kawaida: tofauti ya dakika ndiyo utakayopoteza barafuni. Huko, betri hukaa kwenye boksi lenye joto la nyuzi 20 na zaidi hadi dakika ya kurusha. Usiichaji ikiwa chini ya sifuri, inaharibika ndani. Jaribio likiisha na ukiitoa friza, usifungue mfuko mpaka ipate joto, la sivyo maji yatajikusanya kwenye viunganishi.

Urefu unaotokana na shinikizo la hewa nao hudanganya. Programu nyingi hudhani hewa ina nyuzi 15. Kwenye nyuzi -30 itakuambia mita 100 wakati uko kama mita 84. Sahihisha kwa joto ulilopima mwenyewe.

Dira hulegalega karibu na ncha za sumaku, hivyo jizoeze kuiongoza droni mwenyewe kwa rimoti. Ukungu chini ya sifuri hugandisha barafu kwenye makali ya propela: mota zikianza kula umeme zaidi huku droni imetulia pale pale, shusha mara moja.

Kabla ya jaribio lolote la kurusha hapa, pata vibali vya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na vya Wizara ya Ulinzi. Ruka kabla ya jua kuchomoza, upepo umetulia, na rudia safari ile ile mara tatu; mistari mitatu ya grafu ya joto kwa urefu isipofanana, rudi kwenye kijiti cha sensa kwanza.