Jenga moduli kwa toleo lile lile la Nginx

Anayejenga moduli (kipande cha kuongezea uwezo) ya Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, kwenye kompyuta yake hapa Chake Chake, kisha akaipeleka kwenye seva ya mteja aliyeko Unguja, asishangae ikikataliwa kwa ujumbe kwamba haipatani na programu iliyopo. Moduli zinazopakiwa bila kuijenga upya Nginx nzima zilianza katika toleo lake la 1.9.11, mwaka 2016, lakini kila moja hufungamana na toleo lililotumika kuijenga, pamoja na baadhi ya machaguo ya ujenzi wake. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, endesha amri ya `nginx -V`, inayoonyesha toleo na machaguo ya ujenzi, kwenye seva itakayotumika, uchukue msimbo chanzo wa toleo hilo hilo, kisha uongeze chaguo la `--with-compat`, ambalo, iwapo Nginx ya seva hiyo nayo ilijengwa nalo, hukuondolea sehemu kubwa ya kazi ya kulinganisha machaguo mengine. Kwa Apache, programu nyingine ya aina hiyo, kazi ni nyepesi zaidi, kwani `apxs`, zana yake ya kujengea moduli, huijua mipangilio ya seva iliyopo. Mimi huyahifadhi matokeo ya `nginx -V` katika faili la maelezo la kila mradi, maana seva ikisasishwa usiku, moduli ya jana hukataliwa, na Nginx ikizimwa haiwaki tena.