Kuchagua asembla ya geimu za konsoli za zamani

Anza na prosesa ya konsoli, asembla (programu inayogeuza maagizo uliyoandika kuwa lugha ya mashine) ifuate. Zile geimu za TV zenye kaseti za njano zilizozoeleka Kisumu na Nakuru, nyingi ni nakala za Famicom ya Nintendo, yaani ukoo wa prosesa ya 6502. Game Boy ni mambo mengine kabisa: tumia RGBDS, asembla yake, na faili ipite kwenye rgbfix, programu yake ya kurekebisha kichwa cha faili, la sivyo mashine halisi itakwama kwenye nembo.

Kwa 6502, asm6 ndiyo nyepesi: amri moja, ROM (faili ya geimu) hiyo. ca65 ina usumbufu, maana ld65, programu yake ya kuunganisha vipande, inadai faili ya mpangilio wa kumbukumbu, lakini mradi ukifika benki kadhaa (vipande vya kumbukumbu vinavyopokezana nafasi) utaishukuru. Zote ni za bure na hazili bando.

ROM ya NROM (aina ya kaseti rahisi, isiyobadilisha benki) yenye KB 32 za programu na KB 8 za picha lazima iwe baiti 40,976, pamoja na kichwa cha baiti 16. Ikipungua, angalia kama umejaza hadi $FFFA, zinapoanza anwani za NMI, RESET na IRQ, ambazo prosesa husoma ijue iende wapi ikikatizwa au ikiwashwa. RESET ikikosewa, geimu haianzi.

Halafu kuna alama ya #. `lda #5` hupakia 5. `lda 5` husoma kilichomo kwenye anwani ya 5. Zote mbili ni halali, kwa hiyo asembla itanyamaza tu.