UPS nzima, betri nzima, mbona seva haiwaki umeme ukirudi?

Msimu wa mvua hapa Tanga simu zinakuwa za aina mbili. "Fundi, umeme ulirudi usiku lakini seva imezima mpaka sasa." Au: "Seva imekatika ghafla, UPS ipo, na sasa kanzidata haifunguki." Wote wawili nawauliza swali lile lile: mambo yaliishia hatua ya ngapi? UPS (kisanduku cha betri kinachoishikilia seva umeme ukikatika) huiambia seva kwamba betri inakwisha. Seva hujizima. Halafu, dakika ya mwisho kabisa, seva huiamuru UPS ikate umeme kwenye soketi zake. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayonilisha.

Hapa nazungumzia NUT, programu ya kusimamia UPS, kwenye Debian (aina ya Linux), maana ndiyo ninayofunga kila mahali.

Anza na `upsc ups@localhost`, ukiweka jina la UPS yako kama lilivyo kwenye ups.conf, faili la mipangilio ya NUT. Mstari wa kutazama ni `ups.status`: OL umeme upo, OB tuko kwenye betri, LB betri iko chini. Ukijibiwa "Data stale" au "Driver not connected", usiende mbele. Kagua waya wa USB, ruhusa na dreva. UPS nyingi za bei ya chini, ukipiga `lsusb`, hujitambulisha kama 0665:5161. Hizo jaribu dreva ya `nutdrv_qx`, usipoteze asubuhi nzima na `usbhid-ups`.

Ikishajibu vizuri, acha `journalctl -f -u nut-monitor` ikimbie kwenye skrini, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Baada ya sekunde chache uone taarifa ya "on battery". Seva haitazima hapo, na haitakiwi: upsmon, sehemu ya NUT inayoilinda seva, husubiri OB na LB zije pamoja. Sasa betri chakavu ndipo inapokuumbua. Inasoma asilimia 100, baada ya muda mfupi 70, kisha giza. LB haikuonekana kabisa. Huku Pwani ni kawaida. Betri za risasi hupungukiwa karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na vyumba vya seva ninavyovijua mimi vingi ni stoo yenye feni.

Dawa ni betri mpya. Bosi akisema "mwezi ujao", weka hivi kwenye ups.conf, chini ya UPS yako:

```
ignorelb
override.battery.charge.low = 60
```

Dreva itaacha kusubiri neno la UPS na kutangaza LB yenyewe chaji ikishuka chini ya 60. Lakini kama UPS haitoi asilimia za kuaminika (hizi za `nutdrv_qx` mara nyingi hukisia kwa volti), tumia saa badala ya chaji. Katika upssched.conf, faili la upssched, sehemu ya NUT inayohesabu muda:

```
AT ONBATT * START-TIMER zima 120
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima
```

Skripti uliyoitaja kwenye CMDSCRIPT ikipokea `zima`, ipige `upsmon -c fsd`, amri ya kuzima kwa lazima (FSD). Na kwenye upsmon.conf hakikisha NOTIFYCMD inaelekea upssched, na NOTIFYFLAG ya ONBATT na ya ONLINE zina neno EXEC. Likikosekana, saa haianzi na hupati kosa lolote kwenye logi.

Pima pia seva inachukua muda gani kujizima. Huduma moja iliyogoma kufa, systemd (msimamizi wa huduma za Linux) huisubiri sekunde 90 kwa kawaida, na betri inaliwa. Tengeneza folda ya `/var/log/journal` ili logi zisipotee, kisha baadaye soma mwisho wa `journalctl -b -1`.

Twende kwenye ile seva iliyozima mpaka asubuhi. LB imekuja, upsmon imeweka FSD, na FSD hairudi nyuma. Seva inajizima. Katikati ya kujizima, umeme unarudi. Kama UPS haikuamriwa kukata, soketi zake hazikupoteza umeme hata sekunde moja. Ubao wa seva haukuona umeme ukiondoka wala ukirudi, kwa hiyo hauna sababu ya kuwaka. Ndiyo maana UPS lazima ikate hata kama umeme umesharudi, kisha iwashe tena.

Ili amri hiyo ya kukata itolewe, kagua kwamba upsmon.conf ina `POWERDOWNFLAG /etc/killpower`, na kwamba faili la `nutshutdown` lipo kwenye `/lib/systemd/system-shutdown/` na lina ruhusa ya kuendeshwa. Kwa `usbhid-ups`, `offdelay` ni sekunde 20 na `ondelay` 30. Ukizibadilisha, ya pili ibaki kubwa kuliko ya kwanza.

Jaribio langu ni la balbu. Zima seva kistaarabu, plagi yake ihamishie soketi ya ukutani, waya wa USB ubaki kwenye UPS, na UPS ibebe balbu ya wati 60 peke yake. Washa seva, piga `upsmon -c fsd`, tazama balbu. Seva itazima, kama sekunde 20 baadaye balbu nayo izime, kisha iwake yenyewe. Isipozima, amri haikufika au UPS haiielewi. Ikizima isiwake, UPS hiyo haifai kwa seva isiyo na mtu usiku. Rudia UPS ikiwa imechomolewa ukutani, maana zipo zinazotii kwenye betri tu.

Balbu ikitii na seva bado hailali na kuamka inavyotakiwa, ingia BIOS, kipengele cha Restore on AC Power Loss. Weka Power On. Wengi huacha Last State wakidhani inatosha, ila hali ya mwisho ya seva iliyojizima vizuri ni kuzima, na ubao utaitii hiyo.