Namna ya Kusimamia Madau ya Mbio za Farasi wa Vigari Zinazofanyika Katika Jimbo Jingine la Marekani

Katika mbio za farasi wa vigari, farasi wa uzao wa Standardbred huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, na dereva huketi nyuma yake badala ya kupanda mgongoni kama tulivyozoea kuona katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Farasi huenda kwa matiti (miguu ya pande tofauti ikinyanyuliwa pamoja) au kwa telki (miguu ya upande mmoja ikinyanyuliwa pamoja), na akianza kwenda shoti, yaani kukimbia kwa kuruka, dereva anatakiwa kumrudisha mara moja katika mwendo wake. Nchini Marekani mbio hizi hufanyika katika viwanja kama Meadowlands wa New Jersey, Yonkers wa New York na Northfield Park wa Ohio, lakini sehemu kubwa ya fedha huwekwa na watu walio mbali na viwanja hivyo, mara nyingi katika jimbo jingine kabisa. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuandika au kukagua kanuni za madau hayo, awe mwanasheria, mkaguzi wa hesabu au mwanafunzi anayejifunza sheria za michezo ya kubahatisha.

Anza kwa kutambua sheria inayotawala. Kila jimbo lina mamlaka ya kuruhusu au kukataza kamari ndani ya mipaka yake, ila dau linapovuka mpaka huingia chini ya Sheria ya Shirikisho ya Mbio za Farasi Baina ya Majimbo ya mwaka 1978, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter. Wapo wanaoichanganya na sheria ya mwaka 2020 inayohusu uadilifu na usalama wa mbio, ambayo kwa sasa inawasimamia farasi wa uzao wa Thoroughbred, wale wanaopandwa mgongoni. Farasi wa vigari wamebaki mikononi mwa tume za mbio za majimbo, na kwa hiyo jimbo linalopokea madau hutegemea vipimo vya dawa na maamuzi ya tume ya jimbo mwenyeji, yaani jimbo ambako mbio zinafanyika. Ni busara kusoma kanuni za tume hiyo kabla ya kuidhinisha hata mkutano mmoja wa mbio zake.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote, ni kukagua ridhaa. Sheria ya 1978 haimruhusu mwendeshaji wa kituo cha kubetia kupokea dau la mbio za jimbo jingine mpaka apate ridhaa ya pande tatu, yaani uwanja mwenyeji, tume ya mbio ya jimbo mwenyeji, na tume ya mbio ya jimbo lake mwenyewe. Nyuma ya ridhaa ya uwanja mwenyeji lazima pawe na makubaliano ya maandishi kati ya uwanja huo na chama kinachowakilisha wengi wa wamiliki na wakufunzi wa farasi wanaoshindana hapo. Waombaji wengi wa leseni huleta barua ya uwanja wakidhani inatosha, ilhali bila makubaliano na wenye farasi barua hiyo haina miguu ya kusimamia. Mimi ningeagiza kanuni ziseme waziwazi kwamba nakala ya makubaliano hayo iwasilishwe pamoja na ombi, ikionyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na aina za madau yanayoruhusiwa.

Baada ya ridhaa hizo tatu, chukua ramani. Kituo cha kubetia kinatakiwa pia kupata idhini ya viwanja vyote vinavyoendesha mbio wakati huo ndani ya maili 60 kutoka kilipo, ambazo ni takribani kilomita 96. Na kama hakuna uwanja wowote katika umbali huo, basi idhini itoke kwa uwanja wa karibu zaidi unaoendesha mbio katika jimbo jirani. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa uwanja mdogo unaojitahidi kujaza viti vyake hauwezi kufurahi kuona mbio za mbali zikionyeshwa kwenye runinga jirani na mlango wake. Msamaha upo kwa majimbo yenye siku nyingi za mbio kwa mwaka, ila usitumike kabla ya kuhesabu siku hizo kwenye kalenda rasmi.

Sasa fedha. Madau ya mbio hizi huingia katika mfuko wa pamoja, makato hutolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama madau ya dola 1,000 yanakatwa asilimia 20, dola 800 zitarudi kwa washindi, na dola 200 ndizo zitakazogombewa na kila mwenye mkono ndani ya biashara. Ikiwa mkataba unampa uwanja mwenyeji asilimia 3 ya madau, atachukua dola 30, na dola 170 zitagawanywa kati ya kituo, kodi ya jimbo na zawadi za wenye farasi wa jimbo linalopokea. Kanuni zitaje kila fungu na siku ya kulilipa. Sheria ya shirikisho inazuia pia makato ya madau ya nje kuzidi yale ya mifuko inayolingana nayo kwa mbio za ndani, isipokuwa sheria ya jimbo linalopokea imeruhusu.

Mfuko wa pamoja unapounganisha majimbo mawili, mashine za kujumlisha madau ndizo hubeba dhamana yote, na hapa mwandishi wa kanuni asiharakishe. Mwezi Oktoba 2002, katika mashindano ya Breeders' Cup yaliyofanyika Arlington Park karibu na Chicago, mfanyakazi wa kampuni ya mashine hizo aliyabadilisha madau ya kutaja washindi wa mbio 6 mfululizo baada ya mbio 4 za mwanzo kumalizika. Aliweza kwa sababu kituo cha mbali kilikuwa kikibaki na taarifa za tiketi na kuzituma kwa mwenyeji baadaye. Mbio zile hazikuwa za vigari, ila mwanya ni uleule. Kwa hiyo agiza kwamba kila tiketi itumwe kwa mwenyeji kabla ya mbio ya kwanza ya dau lake, na kwamba hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha kumbukumbu peke yake.

Mbio za vigari zina ugumu wao wa ziada. Huanzishwa nyuma ya gari linalotembea, lenye mabawa mawili yanayowazuia farasi wasilipite, na maili moja mara nyingi humalizika kwa chini ya dakika mbili. Fedha za jimbo la mbali zikichelewa sekunde chache kujumlishwa, watazamaji wataona kiwango cha malipo cha farasi anayeongoza kikishuka huku mbio zikiendelea, na watasema kuna mtu amebeti akiwa anajua matokeo. Dawa yake ni kufunga madirisha yote ya kubetia kwa amri moja kutoka kwa mwenyeji kabla mabawa hayajakunjwa kuwaachia farasi, na kuhifadhi rekodi ya sekunde ambayo amri hiyo ilifika katika kila kituo.

Eleza pia kwamba kanuni za mwenyeji ndizo zinazoamua mshindi, farasi wa kujitoa na farasi wanaohesabiwa kama mmoja katika dau. Malipo yakishatangazwa rasmi, kuondolewa kwa farasi baadaye kwa sababu ya dawa kutagusa zawadi ya mmiliki, si tiketi za waliobeti.

Kwa madau ya simu na intaneti, marekebisho ya Desemba 2000 ya Sheria ya 1978 yanayatambua pale tu yanapokuwa halali katika kila jimbo linalohusika, hivyo mwendeshaji athibitishe makazi ya mteja kabla ya kumfungulia akaunti. Atakayepokea dau bila ridhaa anaweza kushtakiwa na jimbo mwenyeji, uwanja wake au chama cha wenye farasi ili awalipe sehemu ya makato waliyostahili, ndani ya miaka 3 tangu kosa ligunduliwe. Kwa kuwa muda huo huhesabiwa tangu kugunduliwa, kumbukumbu za tiketi na mikataba zitunzwe kwa muda mrefu zaidi ya miaka hiyo mitatu.