Somo: Klabu ya dhumna, keram na karata isigeuke nyumba ya kamari

Assalamu alaykum, wanachama wa Unguja na Pemba. Wengi wetu tunaamini mchezo ukiwa wa akili basi sheria haina la kusema. Imani hiyo inawaponza vijana. Kinachotazamwa zaidi ni fedha: imetoka mfuko gani na imeingia mfuko gani.

Hatua ya kwanza: ujueni mchezo wenu. Bao la kete 64 halina bahati. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wote wawili. Keram ni jicho na kidole. Dhumna ina mchanganyiko: vipande 28 vinafunikwa na kuvurugwa, kwa hivyo mkono unaweza kukujia mbaya, lakini fundi anahesabu vilivyokwisha toka na anajua mwenzake kashika nini. Karata ni hivyo hivyo.

Hapa kuna kesi ya India inayofaa kusomwa. Polisi walivamia klabu moja ya starehe Secunderabad, wakakuta watu wanacheza rami kwa fedha. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya India ikasema rami ni mchezo wa ustadi zaidi kuliko bahati, kwa sababu mchezaji lazima akumbuke karata zilizotupwa na aamue ipi ashike. Karata tatu, zile za kubahatisha tupu, ikaziweka mbali. Ada ya klabu kwa huduma zake haikuonekana kosa. Lakini majaji walionya: mwenye klabu akichuma faida katika fedha inayochezewa, hapo pana kosa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila hoja yake ina uzito, kwani sheria zetu na zao zimepitia mkono mmoja wa Kiingereza.

Hatua ya pili: ijueni sheria inayokuhusuni. Polisi ni jambo la Muungano, lakini michezo ya kubahatisha haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018. Mtu akikwambieni ana kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Bara, mjibuni kwa upole kuwa hapa si Bara.

Hatua ya tatu, na hii muishike khasa: tenganisheni fedha. Ada ya uanachama iwe moja, ilipwe kwa mwezi, hata kwa asiyecheza. Isikatwe kwa kila mkono wala kwa mshindi. Siku klabu itakapochukua "chake" mezani, mwenye nyumba na viongozi ndio wa mwanzo kuulizwa.

Hatua ya nne: usajili, katiba, daftari la mapato. Cheti cha klabu ya michezo hakihalalishi kamari, lakini daftari safi linajibu masuali mengi kabla hayajafika kituoni.

MASUALI YA WANACHAMA

Suali (Mkoani): Atakayefungwa karata za wahedisitini ananunulia wote kahawa. Ni kamari?

Jibu: Kahawa ina thamani, na matokeo ndiyo yanayoamua nani alipe. Sidhani kama askari atafuata vikombe, lakini mbele ya dini msiidharau. Sura Al-Maida, aya ya 90, inakataza maysir, yaani kamari, na masheikh wetu wengi hawatofautishi kikubwa na kidogo. Nunueni kwa zamu.

Suali (Kikwajuni): Tunataka mashindano ya dhumna. Kila timu itoe shilingi 5,000, mshindi apewe mbuzi.

Jibu: Kama mbuzi ananunuliwa kwa hizo 5,000, mmewekeana dau. Tafuteni mfadhili wa mbuzi asiyecheza. Kiingilio kilipie taa, viti na waamuzi, na kiandikwe hivyo kwenye tangazo.

Suali (Wete): Vijana wanakaa klabuni wanaweka mikeka ya mpira kwa simu. Tuwafukuze?

Jibu: Msiwafukuze, wazuieni. Anayeweka mkeka hachezi yeye. Ustadi ni wa wachezaji walioko uwanjani. India yenyewe, iliyoilinda rami, Agosti 2025 ilitunga sheria ya kupiga marufuku michezo ya fedha ya mtandaoni, ya ustadi na ya bahati pia. Andikeni kwenye katiba kuwa mikeka hairuhusiwi ndani ya jengo, muisome mbele ya mkutano, na kila mwanachama aitie saini.