Bega likialika, bana kombe kwanza

Bega langu la kulia lilikuwa likialika "ta!" kila nikianika nguo, na nimejifunza kipimo cha nusu dakika. Inua mkono pembeni taratibu hadi bega lialike. Shusha. Sasa vuta kombe la bega (ule mfupa bapa wa mgongoni) nyuma na chini kidogo, kama unataka kulitia mfuko wa nyuma wa suruali, kisha inua tena. Mlio ukipungua au ukitoweka, huenda shida ni kombe kukaa vibaya: limeinama mbele kwa kukaa kwenye kompyuta au simu, hivyo nafasi ya kano kupita chini ya mfupa wa juu ya bega inabanwa. Dawa yake ni mazoezi. Funga tyubu ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha, vuta kwa viwiko kurudi nyuma ukibana makombe, mara 12, mizunguko 3, siku moja ndiyo moja hapana. Yape wiki sita. Misuli haina haraka.

Mlio usiouma mara nyingi si ugonjwa, lakini usilialishe bega makusudi kutwa nzima.

Kipimo hiki hakifai kama mlio ulianza baada ya kuanguka, bega linakwama au linataka kuchomoka, mkono hauna nguvu au una ganzi, au maumivu yanakuamsha usiku. Hapo muone daktari wa mifupa, na usikubali mtu akuvute mkono "kulirudisha".