Namna ya kufika SSS bila kutwanga pedi ovyo

Kwenye banda langu la gemu hapa Mwanjelwa, TV zote ni za mpira isipokuwa ya pembeni. Hiyo nimeiwekea Devil May Cry 5, gemu ya kupigana na mashetani, ile ya mwaka 2019. Anayeijaribu mara ya kwanza hutwanga kitufe cha pembetatu mpaka shetani afe, halafu ananigeukia: “Bro, mbona nimeua wote na imeniandikia D?”

Ni kwamba hapa huulizwi umeua wangapi, unaulizwa umewauaje. Daraja linatokea kulia kwa skrini, kuanzia D hadi SSS. Ukichanganya mapigo linapanda. Ukirudia pigo lilelile linagoma, na ukichapwa linaporomoka.

Kwanza TV. Ingia kwenye menyu ya picha, uweke hali ya gemu. TV nyingi huipamba picha kwanza ndipo zikuoneshe, na kwa gemu ya kasi hii unachelewa kukwepa. Na kama ni mwezi wa saba, pasha vidole kwa kikombe cha chai kabla ya kugusa pedi. Sikutanii, baridi ya Mbeya imeshawaangusha wengi kwenye misheni ya kwanza.

Ule msaada wa kukuchanganyia mapigo uzime, la sivyo utakuwa unaangalia gemu ikijicheza. Utaanza na Nero, mhusika wa kwanza unayemchezesha. Shikilia kitufe cha R1, sasa amemkazia adui mmoja. Vuta fimbo ya kushoto kuelekea upande usio na adui, bonyeza pembetatu: upanga unamrusha juu. Ukiikandamiza pembetatu bila kuiachia, Nero anapaa naye. Huko hewani mpige mara mbili tatu, mtie risasi kwa mraba, na akianza kudondoka mvute kwa duara huku R1 bado umeishikilia. Ng’ang’ania hapo kwanza. Wale wadudu wa mwanzo, Empusa, ndio wa kujifunzia, maana hawana fujo.

Huu mchezo wa kumpiga adui asiguse chini ulitokana na hitilafu. Hideki Kamiya, aliyeongoza Devil May Cry ya kwanza ya 2001, aliuona wakati gemu nyingine, Onimusha, ikitengenezwa kwenye kampuni ileile ya Capcom: maadui walikuwa wakibaki hewani kwa mapigo ya upanga. Wenzake wakairekebisha, yeye akaibeba.

Ukishazoea, nenda kwenye L2. Upanga wa Nero una mshiko wa kuvuta mafuta kama pikipiki, ndiyo maana vijana wa bodaboda wananielewa haraka kuliko wanachuo. Usiivute ukiwa umesimama tu, unapoteza muda. Ibonyeze sekunde ileile upanga unapopita kwa adui. Ukiipatia, ngurumo inabadilika, moto unatoka kwenye upanga, na pigo linalofuata lina uzito mwingine kabisa. Ukiwahi au ukichelewa kidogo tu, kimya. Usifanye kwa kuangalia, fanya kwa kusikiliza. Kuna chumba cha mazoezi ndani ya gemu kinaitwa The Void. Nenda kakae na hilo pigo moja mpaka mkono uzoee.

Na masikio hayo yaache wazi, kwa sababu muziki nao unakufuata. Ukiwa chini unasikia beti tu. Ukifika S, kiitikio kinafumuka. Hapo hata wa mpira wanasimamisha mechi kuangalia nani anafanya hivyo. Kwangu mimi utamu wote uko hapo: unapigana vizuri, na wimbo unakwambia.

Adui akiwa mbali, bonyeza ile sehemu pana katikati ya pedi. Nero anamkebehi, na daraja linapanda kidogo. Fanya hivyo ukiwa na nafasi tu, maana ukichapwa katikati ya maringo, banda zima linakucheka.

Dante, mhusika mwingine wa kuchezesha, utampata misheni ya 10. Huyo ana mitindo minne, unaibadilisha kwa vile vishale vinne vilivyo upande wa kushoto wa pedi, katikati ya pambano, na silaha kwa R2 na L2. Usimpeleke mbio. Chagua mtindo wa kukwepa, kaa nao wiki nzima, mingine baadaye. Na njoo mchana wa siku ya kazi. Jioni kukiwa na foleni ya mpira, hata hiyo TV ya pembeni siwezi kukuhakikishia.